Kompresa Inapolia Msalato: Mwongozo wa Mwenye Gari Asiyetaka Kuamua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Anaishi Msalato, Dodoma, kazi yake iko mjini, ana Toyota ndogo iliyoshushwa bandarini ikiwa tayari na umri wa kwenda sekondari, na tangu wiki iliyopita kila akibonyeza kitufe cha AC injini hutoa mlio ambao haukuwemo kwenye bei aliyonunulia gari. Wenye mashangingi ya serikali wasipoteze muda kusoma. Kompresa zao zina fungu lake.

Hatua ya kwanza, ambayo bila shaka umeshaipitia, ni kuongeza sauti ya redio. Ni tiba halali. Haina gharama, haihitaji fundi, na wapo waliodumu nayo kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Siku utakapoona mwenzako aliyekaa kiti cha mbele anapiga kelele ili umsikie, ujue hatua ya kwanza imekwisha.

Hatua ya pili ni kutazama kalenda kabla hujafungua boneti. Sisi tuko kwenye uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wala hatuishi Dar es Salaam ambako shati hulowa likiwa bado kwenye enga. Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unakata midomo, na asubuhi watu wanakwenda kazini na masweta. Aliyefiwa na kompresa mwezi wa saba hajafiwa na kitu. Anaweza hata kujisifu ofisini kwamba ameamua kubana matumizi ya mafuta, na kwa miezi miwili hakuna atakayembishia.

Oktoba na Novemba mambo hubadilika. Joto hupanda kupita nyuzi 30 na mvua bado iko njiani. Lakini hata joto hilo ni kavu. Jasho hukauka kabla halijafika kwenye kola, na ukisimama chini ya mti unapata nafuu papo hapo. Maji ya mtungi hupoa vizuri Dodoma kuliko Tanga kwa sababu hiyo hiyo: hewa kavu hunyonya unyevu upesi, na unyevu unapoondoka huondoka na joto lake. Kwa hiyo mtaalamu wa kubana matumizi atakuambia ufungue vioo tu, upepo wa Dodoma hauna bili.

Mtaalamu huyo haishi Msalato. Kata yetu imekalia barabara kuu ya kaskazini, ile inayokwenda Kondoa na Babati hadi Arusha, na lami yenyewe haina neno. Neno lipo ukishaiacha lami. Viwanja vimepimwa, nyumba zinaota kila upande, uwanja wa ndege wa kimataifa umeleta mitambo yake, barabara ya mzunguko yenye kilometa 112 imepita jirani kule Veyula, na kila kokoto na kila mfuko wa saruji huja juu ya lori, na kila lori huja na wingu lake. Dereva aliyenaswa nyuma ya lori la mchanga mwezi Septemba ana njia mbili: kufunga vioo akaiva, au kuvifungua akafika kazini mwekundu hadi kope. Joto la Msalato mtu anaweza kulivumilia. Anachonunua anapotengeneza AC ni kibali cha kufunga vioo.

Na kufunga vioo kuna sababu nyingine ambayo haitajwi gereji. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikakaa na cheo hicho kwa upole kwa zaidi ya miaka 40, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii serikali inahama kweli. Walipokuja, walikuja na magari yaliyofungwa vioo. Kufikia tarehe 26 Aprili 2018, mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji, mwenye kufungua vioo alikuwa ameshakuwa mtu wa kujieleza. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria Miyuji, njiani kwenda mjini, anaweza kukutajia nani ana AC na nani hana kwa kutazama viwiko. Kiwiko kilichotoka dirishani ni kompresa iliyokufa.

Wapo waliokataa kuumbuliwa. Ninamfahamu bwana mmoja wa mtaa wa pili, stadi wa kuigiza AC. Akikaribia kituo cha daladala anapandisha vioo vyote, anakaza uso wa mtu aliyepoa, anapita taratibu akipungia watu kwa vidole viwili, na akishapita kona vioo vinne vinashuka kwa pamoja. Oktoba huvaa koti. Kiufundi suluhisho hilo halina kasoro, ila linamtaka mtu awe na moyo imara na historia nzuri ya presha ya damu.

Hatua ya tatu na ya nne zimefutwa. Zote mbili zilihusu kumwomba shemeji ushauri.

Basi fungua boneti. Kabla hujamwita mtu yeyote, kuna mambo ambayo macho na masikio yako yanaweza kuyafanya bure, na nakuomba uyafanye, kwa sababu nusu ya kompresa zinazozikwa huzikwa zikiwa hai. Mwambie mtu abonyeze kitufe cha AC injini ikiwa imewaka, na wewe utazame puli ya kompresa, mikono na tai vikiwa mbali na mkanda. Kwenye kompresa zenye klachi utasikia "tiki", na kile kisahani cha mbele kilichokuwa kimetulia kitaanza kuzunguka pamoja na puli. Kisipozunguka kabisa, kosa linaweza kuwa fyuzi, rilei, waya wa klachi, au gesi iliyopungua mpaka swichi ya presha ikagoma kuruhusu. Kikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, mshuku gesi kwanza. Kompresa nyingine za kisasa hazina klachi wala "tiki". Puli yake inazunguka muda wote na ubaridi hupangwa na vali ndogo ya umeme iliyochomekwa ubavuni. Fundi asiyejua hilo atasubiri mlio wa "tiki", hatausikia, atavua kofia na kutangaza msiba.

Sikiliza pia mlio unakuja lini. Kama gari linalia hata AC ikiwa imezimwa, mshuku beringi ya puli, kwa kuwa puli huzunguka kila wakati injini inapowaka. Beringi hubadilishwa peke yake, na ni kitu cha bei ya chini mno kuliko kompresa nzima. Ndiyo maana ni nadra kwa muuza kompresa kukutajia. Kama mlio unaanza pale tu AC inapowashwa, hapo ugonjwa uko tumboni.

Gari likipoa vizuri barabarani lakini likatoa fukuto ukisimama kwenye foleni, kompresa yako huenda haina hatia. Tazama feni, na tazama kondensa, ule wavu wa alumini unaokaa mbele ya rejeta. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani ya gari, na haiwezi kulitupa ikiwa imevaa vumbi la kiangazi kizima pamoja na panzi wote wa kutoka Kondoa. Maji ya bomba, kwa presha ya chini ili yasikunje mapezi, yamefufua AC nyingi. Na kama upepo wenyewe hautoki hata ukiweka feni namba nne, vua droo ya dashibodi upande wa abiria. Nyuma yake, kwenye Toyota nyingi, kuna chujio la hewa ya ndani. Wenye magari wengi wa hapa hawajui kama lipo. Siku wanapolivuta, hutoka na udongo wa kutosha kupanda mchicha.

Baada ya hapo, nenda kwa fundi. Fundi wa AC atakuita kiongozi. Dodoma kila mtu ni kiongozi mpaka athibitike kuwa mpiga kura. Atashika bomba moja, atashika la pili, atatikisa kichwa.

"Kiongozi, hii kompresa imekufa."

"Umejuaje, fundi?"

"Si unaona haipoozi?"

Usibishane naye. Muulize tu, kwa heshima, geji zake ziko wapi. Fundi mwenye geji mbili, ya buluu na nyekundu, atakuonyesha jambo ambalo mkono hauwezi kulisema. AC ikiwa imezimwa kwa muda, presha za pande zote mbili hulingana. Ikiwashwa, upande wa buluu unapaswa kushuka na wa nyekundu kupanda, na siku ya joto la Oktoba tofauti yake ni kubwa, huku psi 30 na kitu, huku 200 na zaidi. Kama gesi ipo ya kutosha, kompresa inazunguka, na mishale miwili bado inatazamana uso kwa uso, hapo unaweza kuanza kuvaa nyeusi.

Kuhusu gesi, elewa jambo moja litakalokuokoa fedha nyingi: haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua imevuja mahali, ama kidogo kidogo kwa miaka kupitia mipira na maungio, ama kwa kasi kupitia tundu. Anayekuongezea gesi kila baada ya wiki tatu anakukodisha ubaridi. Kuna kibandiko chini ya boneti, pengine kwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile za shuleni: aina ya gesi, ambayo kwa magari yetu mengi ni 134a, na uzito wake kwa gramu. Gari dogo huchukua nusu kilo au pungufu. Gesi inapimwa kwa mizani, baada ya hewa na unyevu kuvutwa nje kwa pampu kwa nusu saa hivi. Ukimwambia fundi habari za mizani atakutazama kama mtu aliyekuja mnadani na rula, lakini sema.

Mazingira nayo yana lake. Gesi ya zamani ya R-12 iliondolewa kwa sababu ya Itifaki ya Montreal ya 1987, maana ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni. Iliyochukua nafasi yake haitoboi, ila kilo yake moja angani huhifadhi joto mara 1,430 kuliko kilo ya hewa ukaa kwa muda wa miaka 100. Oktoba 2016 wajumbe wa mataifa walikutana jirani hapa Kigali wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Fundi wako alikuwa na kazi nyingi wiki ile, hakuhudhuria. Ndiyo maana ataifungulia yote hewani mbele ya macho yako, "fyuuu", akisema anasafisha mfumo.

Tuseme kompresa imekufa kweli. Sasa unaingia kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ina mtego, kwa sababu neno "kompresa tu" halina tafsiri kwenye gereji yoyote ninayoijua. Kompresa inayojisaga hutema chembe za chuma ndani ya mabomba, na chembe hizo hukaa kwenye kondensa na kwenye vali ya ekspansheni zikimsubiri mgeni. Ukifunga kompresa nyingine bila kusafisha mabomba, bila kubadilisha draya inayonyonya unyevu na vali hiyo, na mara nyingi kondensa pia kwa vile njia zake ni nyembamba mno kusafishika, mgeni atakula makombo ya marehemu na kumfuata. Waliokaa na kompresa ya pili kwa miezi minne wakamlaumu Mjapani, wengi wao walipita hapa.

Ya mtumba au mpya? Mpya halisi ina bei ya kukufanya ulitazame upya gari lote. Mpya isiyo halisi ina boksi zuri. Ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokufa kwa sababu nyingine, mara nyingi ndiyo chaguo la wenye busara, na watu huagiza Ilala, Dar es Salaam, ikaletwa na basi usiku. Ila ukiipokea, geuza kwa mkono uone inazunguka laini bila kukwama, hesabu mifereji ya puli ilingane na ya mkanda wako, tazama kichwa cha waya kifanane, na zaidi ya yote, angalia matundu ya mabomba. Kama yalikaa wazi bila vifuniko, mafuta yaliyomo yamekwisha kunywa unyevu wa pwani. Na kama gari lako ni la haibridi, simama hapo hapo: kompresa yake inaendeshwa na umeme wenye volti kubwa na inataka mafuta yake maalumu. Fundi atakayesema mafuta ni mafuta, mshukuru, lipia soda yake, ondoka.

Jumamosi ni siku ya mnada hapa Msalato, kwa hiyo piga hesabu kwa mbuzi. Jumlisha kompresa, draya, vali, gesi, ufundi, na ile safari ya pili ya gereji ambayo hakuna anayeiweka kwenye bajeti. Gawa kwa bei ya mbuzi wa Jumamosi hiyo. Ukipata idadi, nenda ukasimame mbele ya mbuzi hao, wahesabu mmoja mmoja, kisha jiulize kama unaweza kurudi nyumbani ukasema umewabadilisha kwa hewa.

Upande wa pili wa mizani kuna hii: kutoka hapa hadi katikati ya mji ni kilometa 12 hivi. Asubuhi unapoondoka hakuna joto. Jioni gari limeshinda juani na ndani yake ni tanuri, na hata AC nzima inahitaji dakika kadhaa kulitoa joto hilo, hasa kwa mtu anayeingia na kufunga mlango papo hapo badala ya kuacha milango wazi kwanza tanuri lipumue. Ubaridi unaanza kunoga Miyuji. Ukifika kwenye njia ya vumbi ya kwenu, pale ulipouhitaji hasa, umebakiza dakika chache za kuufaidi. Kwa safari za Dar es Salaam hesabu ni nyingine kabisa. Ukishashuka Morogoro na unyevu ukaanza kukukaba, mbuzi wote wa Msalato hawana thamani.

Kama umeamua kutotengeneza, hongera, lakini uamuzi huo nao una masharti. Kompresa iliyoacha tu kupooza haina ubaya. Chomoa waya wa klachi, isahau. Kompresa inayolia ni jambo jingine. Kwenye Toyota nyingi ndogo mkanda mmoja ndio unaozungusha alternata, pampu ya maji na kompresa kwa pamoja. Beringi ya puli ikikwama, mkanda unaungua au unakatika, pampu ya maji inasimama, na injini inachemka katikati ya safari ya Kondoa, kwenye kipande cha barabara ambacho mtandao wa simu haukipendi. Hapo utakuwa umeokoa kompresa ukazika injini. Badilisha beringi, au, pale mpangilio wa puli unaporuhusu, fundi anaweza kufunga mkanda mfupi unaoiruka kompresa. Puli isiyoguswa na mkanda haina nguvu ya kukudhuru.

Na usisahau masika yetu ya mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu zinazoshuka kama zimetumwa. Mvua ikipiga, ukiwa na abiria wanne na vioo vimefungwa, kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, na kifaa kinachokausha hewa hiyo ni AC. Asiye nayo anaendesha mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine ukifuta kioo kwa kanga ya mke wake. Weka kanga mbili. Moja hulowa.

Imebaki sasa njia ya wenye akili, ambayo ni kuuza gari lenyewe. Uza Julai. Mwite mnunuzi saa moja asubuhi, washa gari, weka feni namba nne, mwelekezee matundu ya hewa usoni. Itatoka hewa ya baridi mpaka ataomba upunguze. Kwenye tangazo andika kama wenzako wote: "AC ipo, inahitaji gesi tu." Mkwepe mnunuzi wa Dar es Salaam, huyo ataomba mrudie jaribio saa saba mchana. Mkwepe na yeyote anayeinama kutazama viwiko vyako. Tafuta mtu wa Makete, kule kwenye baridi. Hataulizia AC hata mara moja. Atauliza kama hita inafanya kazi, na hapo utamjibu bila kupepesa macho kwamba ni nzima kabisa, haijawahi kuwashwa tangu gari lishuke melini.